Wivu Wangu na Gari la Mjomba Wako

Tunduma, Jumapili jioni

Safina mwanangu,

Sitaandika kwamba natumaini u mzima, kwa sababu nakusikia. Uko upande wa pili wa ukuta na mama yako, mnalifunga godoro kwa kamba, na kila mkikaza linawaponyoka na mnacheka. Nilitaka kuja kuwasaidia. Nilipofika mlangoni mlinyamaza wote wawili, nikajifanya nimekuja kuchukua kalamu. Basi, kwa kuwa kalamu nimeshaichukua, acha niitumie.

Mambo ya ndoo, sabuni, na kuanika nguo mahali unapoziona, mama yako amekwisha kukuambia, na matroni atakuambia tena. Mimi sitayagusa. Nataka kujibu swali uliloniuliza siku ya Alhamisi kwa fundi wa mabango, mbele ya watu, ukiwa umeshika mlango wa gari. Ulisema, "Baba, kwa nini unalionea wivu gari?" Nikakujibu kwamba mtu mzima halionei wivu gari, nikakuambia ushike adabu. Tangu siku ile tumebaki na "shikamoo" na "marahaba" tu.

Jibu la kweli ni kwamba ulisema sawa. Nalionea wivu. Hata sasa limeegeshwa nje ya dirisha langu, limeoshwa, linang'aa kwa taa ya duka la jirani, na nikiliangalia naliona kama mgeni aliyekaa sebuleni akisubiri kuondoka na kitu changu. Kesho litakupeleka shuleni milimani Ileje. Kutoka hapo litapelekwa kwenye zahanati ya kanisa, likabidhiwe, na halitarudi tena Tunduma kama gari letu. Watu wananipongeza kwa hilo. Wewe hukunipongeza, na wewe ndiye uliyeona vizuri.

Acha nianze mbali kidogo, ili usije ukadhani wivu huu ni wa juzi.

Mjomba wako Gidioni alilinunua shangingi hilo kwa mtu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alikuwa akinunua maharage kwao milimani na kuyaleta hapa mpakani. Masika barabara ya kutoka Mpemba kupanda milimani inakuwa uji, na lilikuwa ndilo gari pekee lililopita, likiwa na magunia, wagonjwa, mbuzi, maharusi, na mara moja jeneza. Ndipo watu wa huko wakaliita Safina.

Unaona, nimefika kwenye kidonda mapema.

Hadithi ya kuzaliwa kwako unaijua kuliko mimi. Umeisikia kwa mjomba wako, na mjomba anaisimulia vizuri, huku anapiga usukani na kuigiza sauti ya bibi yako. Mimi sijawahi kukusimulia kwa sababu simo ndani yake. Leo nitakusimulia upande wangu, ambao ni mfupi na hauchekeshi.

Mama yako alikwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeajiriwa karibuni katika ofisi hii hii ya uwakala wa forodha, kazi hii hii ya kuandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia. Nilikuwa kijana wa Hasamba, mtoto wa mkulima wa kahawa, wa kwanza katika ukoo wetu kwenda kazini na tai shingoni. Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wake wote nikasoma. Nililala na hofu ya kufukuzwa na kuamka nayo. Bosi akikohoa chumbani kwake, nilikuwa narudia kukagua karatasi niliyokwisha kuikagua.

Asubuhi moja dereva wa lori aliyetoka milimani aliingia ofisini akaniuliza, "Wewe ndiye mkwe wa akina Gidioni? Mkeo ameshikwa na uchungu. Zahanati hawana gari, wamesema ashushwe hospitali. Shemeji yako ndiye anayemshusha."

Nikamshukuru. Nikasimama mbele ya mlango wa bosi nikiwa nimeinua mkono ili nibishe hodi. Ndani alikuwa akimfokea mtu kwenye simu kwa sababu ya foleni ya malori. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nikarudi kwenye kiti changu, nikajiambia kwamba uzazi ni mambo ya wanawake, kwamba hata nikienda mimi si daktari. Siku ile nilifanya kazi bila kosa hata moja. Jioni bosi alinisifu.

Wewe ulizaliwa ndani ya gari, kwenye mteremko, kabla hawajaifikia barabara kuu. Bibi yako alikuwa nyuma na mama yako. Mjomba alisimamisha gari, akashuka, akageuzia uso porini na kuimba kwa sauti kubwa ili asisikie. Kisha bibi akamwita akushike wakati yeye anamhudumia mama yako. Alikuvika shati lake. Mwanamume wa kwanza kukushika, Safina, ni yule.

Kwetu Hasamba jina la mtoto wa kwanza linatoka upande wa baba. Nilikuwa nalo. Ungeitwa Naomi, jina la mama yangu, na mama yangu alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani. Nilipofika milimani mwisho wa wiki, nimevaa tai yangu, kijiji kizima kilikuwa kinakuita Safina. Nilifungua mdomo ili nilitaje jina langu. Mjomba wako akakuweka mikononi mwangu, anacheka, akasema, "Shem, karibu. Tumekuanzia kidogo, malizia."

Hana hila yule mtu. Angekuwa na hila ningepumzika. Nilifunga mdomo, maana ningedai jina kwa haki gani, mimi niliyebaki ofisini? Ndiyo maana bibi yako wa Hasamba anakuita Naomi mpaka leo, na wewe unadhani uzee unamchanganya. Hachanganyi. Anakuita kwa jina ambalo mwanawe alishindwa kulitetea.

Kwa hiyo mtoto wangu wa kwanza ana jina la gari la mtu mwingine. Nimeishi na hilo miaka yote hii, na nikikuita mezani wakati mwingine nasikia mlio wa injini.

Ulipoanza kutembea uliijua honi yake. Nikiwa nakusimulia hadithi, honi ikilia pale kona ya msikiti, unatelemka mapajani kwangu kabla sungura hajafika kisimani. Ulikuwa unatapika kwenye kila basi, hata la kwenda Vwawa tu, lakini kwenye gari la mjomba hukutapika hata siku moja. Ukirudi kutoka safari zenu nilikuwa nakubeba kukupeleka kitandani, na nywele zako zinanukia dizeli, maharage makavu na ngozi ya viti. Mwanamume mwingine angenusa manukato kwa mkewe. Mimi nilinusa gari kwa binti yangu, na nilikunusa kila mara, kama mtu anayetafuta ushahidi.

Nikanunua baiskeli. Sijui kama unakumbuka. Nilishona mto wa sponji juu ya keria, nikakupeleka shule ya vidudu, natoka jasho kwenye mwinuko, na moyoni najiona tajiri. Tulipofika ukashuka, ukaipangusa sketi yako, ukasema kwa upole kabisa, "Asante baba. Ila huku nyuma hakuna dirisha." Hukukusudia ubaya. Siku iliyofuata mvua ilinyesha, mjomba akapita kukuchukua, na baiskeli ile nilimpa fundi cherehani.

Sasa nikueleze lile la Desemba, siku mjomba alipokuja kula kwetu baada ya majibu yako ya darasa la saba kutoka. Wewe ulitumwa dukani ukalete soda, kwa hiyo hukusikia mwanzo wake.

Alinawa mikono, akasema, "Shem, nimepata jingine. Hili la zamani siwezi kuliuza, litaniuma. Nimeamua nalileta hapa kwenu. Safina asome akijua gari lake lipo nyumbani."

Mama yako aliziba mdomo kwa viganja viwili. Unajua jinsi anavyobeba marobota yake ya vitenge kutoka upande wa Zambia, anavyobishana na wenye mikokoteni, anavyorudi na shingo imekaza. Nilimwona usoni kwamba tayari ameyapanga marobota yake ndani ya gari lile.

Mimi nilichoona ni kitu kingine. Nilijiona nikiliendesha, na kila mtu barabarani akilipungia mkono akidhani ni Gidioni. Nilikuona wewe pembeni yangu ukiniambia, "Mjomba hapa huwa anapunguza mwendo." Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana, shemeji. Kitu kama hiki kinafaa kutolewa sadaka. Zahanati ya kwenu kule mpaka leo hawana gari."

Kazini nimejifunza kuandika maneno ambayo afisa hawezi kuyakataa. Nilifanya vivyo hivyo mezani kwangu. Nani atasema wajawazito wasipewe gari? Mjomba wako alinitazama, macho yakamjaa maji. Akazunguka meza, akanikumbatia na mikono yake ya ugali. "Shem, wewe ni mtu wa Mungu. Mimi nisingelifikiria."

Mama yako hakulia. Kesho yake aliniwekea chai isiyo na sukari, na sikuthubutu kuuliza. Nilipomaliza kuinywa akasema, "Umetunyima sote gari ili usimwambie kaka yangu asante." Akachukua kikapu chake akaenda sokoni.

Mimi nikafunga tai nikaenda kazini.

Baada ya hapo nesi wa zahanati alishuka na mzee wa kanisa kulitazama gari. Ulikuwepo, ulikuwa unashangaa. Hakuuliza habari za injini wala matairi. Alisema viti vya nyuma vilazwe, akavua viatu, akapanda na sare yake nyeupe, akajilaza chali na kunyoosha miguu. Akasema kutokea humo ndani, "Mtu anatosha. Na mama mkwe wake hapa pembeni, anatosha. Funga mlango nione." Tukamfungia. Tulimsikia akicheka. Alipotoka akanishika mkono. "Baba Safina, tumeambiwa wazo ni lako. Mwaka huu nimeshusha watu kwa pikipiki, mama mjamzito katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemshikilia. Ubarikiwe."

Nilijibu "amina." Lakini nikuambie kilichokuwa moyoni, maana nimeahidi kukujibu kweli. Nilikuwa nikimwangalia mjomba wako. Alikuwa amesimama kando, amekuwekea mkono begani, amefurahi kwamba nasifiwa mimi. Hata sifa alikuwa ananigawia. Nikamwonea wivu kwa kutokuwa na wivu.

Ndipo ikaja Alhamisi. Gari lilipelekwa kwa fundi wa mabango pale karibu na mpaka, yule kijana kutoka ng'ambo mwenye mikono ya rangi, liandikwe jina la zahanati. Nilifika kutoka kazini nikakuta mmekwisha kuanza, wewe na yeye. Akaniamkia kwa lugha yao, "Mulishani, ba tata," yaani hujambo baba, akaendelea kwa Kiswahili, "Huyu binti anasema chini ya zahanati niandike SAFINA. Herufi kubwa, nyekundu, kivuli cheusi. Itatoka safi."

Nikasema, "Usiandike."

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Hapana."

"Basi tumngoje mwenye gari, ba tata. Mimi naandika anachosema mwenye gari."

Waendesha bodaboda waliokuwa kivulini wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee kapigwa chenga na brashi!" Nikasema kwa sauti niliyoitumia mara chache sana maishani kwamba mimi ni baba wa mtoto, na jina la mtoto wangu halitaandikwa kwenye mlango wa gari.

Ukasema, "Lilikuwa jina lake kabla halijawa langu, baba."

Ulisema taratibu, kama mtu anayesahihisha hesabu. Hukujua umegusa wapi. Wakati huo mjomba akafika, akamsikiliza fundi, akanitazama mimi, akakutazama wewe, akasema, "Kama baba yake hataki, usiandike." Basi. Hakuuliza sababu. Akatoa leso akajifuta jasho. Na wewe ukashika mlango ule uliokuwa na rangi mbichi, ukaniuliza swali lako mbele ya waendesha bodaboda wote wa Tunduma.

Mlango umebaki na jina la zahanati peke yake. Nilidhani nimeshinda. Lakini kule milimani wataendelea kuliita Safina bila kuhitaji rangi ya mtu, kwa hiyo hata ushindi huo sikuupata.

Mwanangu, huko uendako utaona wivu. Utalala jirani na msichana mwenye blanketi zito kuliko lako, au mwenye baba anayekuja kila siku ya kutembelewa, wakati wako anaogopa kuomba ruhusa. Sikukatazi, ningekukataza kwa mdomo gani? Ninachoweza kukuambia ni yaliyonipata mimi. Wivu wangu ulipokuwa wivu tu, wa kunusa nywele na kununua baiskeli, uliniumiza mimi peke yangu, na mara nyingine ulinichekesha. Ulianza kuumiza wengine siku nilipouvika nguo nyingine. Mezani ulivaa nguo za dini. Kwa fundi ulivaa heshima ya baba. Nilipouona umependeza hivyo, na mimi mwenyewe nikauamini. Ukiona unatetea jambo jema kwa hasira ambayo jambo lenyewe halijaiomba, kaa kidogo, jiulize unamkasirikia nani.

Sisemi kwamba zahanati isingepewa. Nesi yule alivyojilaza pale, sitamani gari lirudi. Mtoto atakayezaliwa humo hatajua kwamba alisafirishwa na kijicho cha karani, na hakuna sababu ajue. Lakini mama yako alistahili kuulizwa. Wewe ulistahili kuulizwa. Sadaka niliitoa mimi na kilichotolewa kilikuwa chenu.

Leo kanisani ulikuwepo. Mchungaji alimwita mjomba mbele, mjomba akasema, "Mimi nimetoa chuma tu. Moyo ni wa shemeji yangu, asimame mumwone." Nikasimama. Wanawake wakapiga vigelegele, kwaya ikapiga makofi, mama mmoja akanipepea na kitenge. Nilikuwa nimekitamani kitu hicho miaka mingi, Safina, kusimamishwa mbele ya watu na yeye amekaa. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umekaa karibu na mjomba wako, mikono iko chini ya mapaja, hupigi makofi. Hukununa, wala hukunicheka. Uliniangalia tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema uongo ili waendelee na safari.

Sikusikia mahubiri yaliyobaki. Nilikuwa nafikiri kwamba kesho utaondoka ukiwa na sura ile. Niliambiwa tangu wiki iliyopita nipande gari pamoja nanyi, nikasema nina kazi, malori ni mengi. Mjomba akasema haya. Mama yako hata hakunibembeleza. Mlikuwa mmekwisha kunizoea.

Baada ya ibada niliwaambia nakwenda kununua vocha. Sikwenda kununua vocha. Nilikwenda nyumbani kwa bosi, ambako sijawahi kukanyaga. Njiani niligeuka kurudi, nikageuka tena, mpaka muuza miwa akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nikabisha hodi. Bosi akatoka na singilendi na kaptula, kijiti mdomoni, na usoni mwake nikaona hofu, kumbe na yeye anayo. Akasema, "Kuna nini? Nyaraka zimepotea?"

"Hapana, bosi. Naomba ruhusa ya kesho. Nampeleka mwanangu shule."

"Kesho? Na yale malori ya mbolea?"

"Kesho, bosi."

"Mama yake hayupo?"

"Yupo. Na mjomba wake yupo. Nataka na mimi niwepo."

Akatafuna kijiti. "Na nikisema hapana?"

Nikasema, "Nitakwenda." Nilisema bila kupanga, na lilipotoka nikashika nguzo ya baraza. Akatema vipande vya kijiti. "Haya. Ukirudi tutaongea."

Sijui "tutaongea" maana yake nini. Nimeigeuza kichwani tangu saa nane mchana. Inawezekana Jumanne nikakuta mtu mwingine kwenye kiti changu. Sijamwambia mama yako sehemu hiyo, na wewe usimwambie. Nitamwambia mwenyewe tukiwa njiani kurudi kwa basi. Nakuambia wewe ili ujue kwamba naogopa, naogopa sana, na bado nimebisha hodi. Ukiugua huko, ukionewa, usisimame mbele ya mlango wa matroni umeinua mkono. Gonga. Akikufokea, utakuwa umefokewa, haitazidi hapo.

Nimekwisha kumwambia mjomba wako kwamba nakuja. Alipiga kelele kwenye simu hadi ikakwaruza. Akaanza kupanga viti: shem mbele na mimi, wanawake nyuma. Nimekataa. Mbele utakaa wewe pamoja naye, kama siku zote, umwonyeshe mashimo na umchagulie muziki. Usije ukaniambia tubadilishane kwa kunionea huruma, kwa sababu nitakubali, halafu wote watatu tutajuta mpaka Ileje. Mama yako atakaa katikati apate kulala. Mimi nitakaa nyuma kabisa, na ndoo, sanduku, na hilo godoro linalowashinda kulifunga.

Kutoka huko nyuma nitaviona visogo vyenu viwili. Mtazungumza mambo ambayo siyajui, mtacheka, injini itanizuia nisisikie, na nitaona wivu kutoka hapa mpaka getini kwa shule. Nimekubali. Wewe cheka tu.

Ila tukifika, sanduku lako nitalibeba mimi. Mjomba wako nimeshamwambia asiliguse.

Baba yako